Aliyefungua Mlango na Aliyefunga Tela

Tarehe 20 Machi 1952 Rais Harry Truman wa Marekani alitia saini sheria fupi kuhusu watu wanaovuka mpaka bila ruhusa, au tuseme kuhusu wale wanaowasaidia. Atakayemwingiza nchini mgeni wa namna hiyo, atakayemsafirisha, atakayempa maficho, atakayemshawishi aje: kifungo cha hadi miaka 5 na faini ya hadi dola 2,000, na hesabu ni kwa kila kichwa. Kisha ikafuata sentensi moja iliyoacha mwanya mpana kama lango la shamba. Kumwajiri mgeni huyo, pamoja na yale yote ya kawaida yaendanayo na ajira, hakutahesabiwa kuwa ni kumpa maficho.

Mkulima wa pamba katika bonde la Rio Grande hakuhitaji wakili wa kumfafanulia. Aliweza kuwalaza vibarua hamsini kwenye mabanda yake na kuwalisha msimu mzima, na kwa macho ya sheria akawa hajamficha mtu. Mama wa mtaa wa pili aliyemlaza binamu yake jikoni hakuwekewa sentensi ya kumkinga. Wanasheria waliipa ile sentensi jina la jimbo la Texas, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kifungu hicho kingali hai, ingawa kimefanyiwa marekebisho mara nyingi. Leo kinaweza kumpeleka mtu gerezani maisha yake yote. Ukiifuata historia yake kuanzia mwanzo, utaona kwamba kila kizazi cha watunga sheria kilijua vizuri nani kinataka kumkamata, na kilijua vizuri zaidi nani hakitaki kumgusa.

Mwanzoni ilikuwa sheria ya mabaharia. Mwaka 1882 Kongresi ilipowapiga marufuku vibarua wa Kichina, adhabu iliwaangukia manahodha: faini ya hadi dola 500 kwa kila kibarua aliyeshushwa, na kifungo cha hadi mwaka mmoja. Hilo lilieleweka, kwa kuwa wageni walikuja kwa meli na meli ina mwenyewe. Mpaka wa nchi kavu na Mexico haukuwa na kikosi cha doria hadi mwaka 1924. Mwaka 1885 ikaja sheria nyingine dhidi ya waajiri walioagiza wafanyakazi wa mkataba kutoka ng'ambo, na kesi yake maarufu ni kioja: kanisa moja la New York lilishtakiwa kwa kumwajiri mchungaji kutoka Uingereza. Mwaka 1892 Mahakama ya Juu ililiachia kanisa. Majaji walisema maneno ya sheria yanamgusa mchungaji, sawa, lakini nia ya Kongresi ilikuwa kuwazuia vibarua wa mikono, na taifa la watu wa dini haliwezi kuwa lilikusudia kumzuia mhubiri. Kanisa halikuwa na bahati hiyo tena karibu miaka mia moja baadaye, kama tutakavyoona.

Neno la kuficha liliingia mwaka 1917. Sheria ya uhamiaji ya mwaka huo iliongeza kwamba kumficha mgeni au kumpa maficho ni kosa pia, ila waandishi wake walifanya kazi ya haraka: adhabu waliyoitaja ilihesabiwa kwa kila mgeni aliyeshushwa au kuletwa, wakasahau kusema aliyefichwa ana adhabu gani. Miaka thelathini ilipita kabla mtu hajalifikisha jambo hilo Mahakama ya Juu. Mwaka 1948 Jaji Wiley Rutledge aliandika kwamba mahakama haiwezi kubuni adhabu ambayo Kongresi haikuitamka. Kuficha kukabaki kosa lisilo na adhabu.

Wakati huo mashamba ya kusini-magharibi yalikuwa yamejaa watu. Tangu 1942 Marekani na Mexico zilikuwa na mkataba wa vibarua wa muda, braceros, waliokuja kwa kandarasi, wakiwa na ujira uliopangwa na ukaguzi wa malazi. Mwajiri aliyeuona mkataba huo ni usumbufu alikuwa na njia nyepesi: awachukue wale waliovuka mto wenyewe, ambao hawakuwa na kandarasi wala mkaguzi na waliogopa kulalamika. Mexico ilichoka kuona raia wake wakilipwa senti, ikasisitiza kwamba Marekani itunge adhabu. Truman naye aliitaka. Katika Seneti, Paul Douglas wa Illinois alipendekeza kwamba hata anayemwajiri mtu kwa kujua hana ruhusa aadhibiwe. Alishindwa kwa kura nyingi. Kilichopita ni adhabu ile ya miaka 5 pamoja na lango lake la shamba. Miezi michache baadaye yote mawili yaliingizwa katika sheria kuu ya uhamiaji, ambayo Truman aliikataa kwa sababu nyingine na Kongresi ikaipitisha juu ya kichwa chake.

Matokeo yalionekana upesi. Mwaka 1954 serikali iliendesha msako mkubwa chini ya Jenerali Joseph Swing, ikajigamba kuwa watu zaidi ya milioni moja wamekamatwa au wameondoka wenyewe. Vibarua walisombwa kwa malori, treni na meli. Wenye mashamba walibaki mashambani mwao.

Basi kwa takriban miaka thelathini kifungu hiki kilikuwa kazi ya kila siku ya waendesha mashtaka wa mpakani, dhidi ya wavushaji wadogo wanaoitwa coyote, na hakikuwa na jina mitaani. Kilichokifanya kijulikane ni wachungaji, watawa na mfugaji mmoja wa mbuzi.

Julai 1980 kundi la watu wa El Salvador liliachwa na wavushaji wao katika jangwa la Organ Pipe, kusini mwa Arizona, baada ya kuwa wamelipa. Watu 13 walikufa kwa kiu. Makanisa ya Tucson yaliombwa kuwatunza walionusurika, na kwa kuwasikiliza yakajifunza kitu ambacho magazeti hayakuwa yakikisema kwa sauti: watu hawa walikuwa wakikimbia vikosi vya mauaji vya serikali ambayo Washington iliipa silaha. Marekani ilikuwa imetunga sheria nzuri ya wakimbizi mwaka huohuo wa 1980, ikiahidi hifadhi kwa yeyote mwenye hofu ya kweli ya kuteswa. Lakini kumpa hifadhi mtu wa El Salvador kungekuwa kukiri kwamba rafiki yako ni muuaji. Mwaka 1984 maombi ya watu wa El Salvador na Guatemala yaliyokubaliwa hayakufika asilimia 3.

Mwaka 1981 Jim Corbett, Mkristo wa dhehebu la Quaker aliyesoma falsafa Harvard kabla ya kuchunga mbuzi Arizona, alisikia kwamba msafiri mmoja wa El Salvador aliyepewa lifti na rafiki yake amekamatwa kwenye kizuizi cha barabarani. Akapiga simu idara ya uhamiaji, akajitambulisha kwa sauti ya mtu mzito kuwa yeye ni Jim Corbett wa Tucson na anataka kujua mtu huyo yuko wapi. Meya wa zamani wa mji alikuwa na jina hilohilo. Wakamwambia. Tangu siku hiyo nyumba ya Corbett ikajaa wageni, ikafurika, akamwendea John Fife, mchungaji wa Kanisa la Presbiteri la Southside, amwombe sakafu ya kanisa.

Walianza kimya kimya. Serikali ilipowaonya kuwa watashtakiwa, waliona kwamba mtu anayekamatwa kwa siri huitwa mvushaji tu, na kwamba heri waseme mbele ya kamera. Tarehe 24 Machi 1982, miaka miwili kamili tangu Askofu Mkuu Oscar Romero apigwe risasi akiendesha misa San Salvador, Southside ilitundika mabango nje na kutangaza kuwa ni kimbilio. Makanisa kadhaa ya eneo la Berkeley, California yalitangaza siku hiyohiyo. Baadaye mamia ya makanisa na masinagogi yalifuata, na watu walipitishwa kutoka mji hadi mji kuelekea kaskazini. Wahusika wenyewe waliilinganisha njia hiyo na ile iliyowatorosha watumwa karne iliyotangulia, na ulinganisho ulikuwa na mantiki ya kisheria. Sheria ya mwaka 1850 kuhusu watumwa watoro iliweka faini ya hadi dola 1,000 na kifungo cha hadi miezi 6 kwa atakayemficha mtoro. Kosa la kumpa mtu pa kulala lina ukoo mrefu Marekani.

Serikali ilijibu kwa njia ambayo hata baadhi ya watu wake waliionea haya. Iliwaingiza wapelelezi wa kulipwa ndani ya harakati, na kinara wao alikuwa mtu aliyewahi yeye mwenyewe kuvusha vibarua kwa fedha. Alijitolea kuendesha gari, akaketi kwenye mafunzo ya Biblia na kinasa sauti mwilini. Januari 1985 watu 16 walishtakiwa Tucson, miongoni mwao mapadre, watawa, Fife na Corbett. Mmoja wa mapadre hao, Ramón Dagoberto Quiñones, alikuwa raia wa Mexico mwenye parokia Nogales, upande wa pili wa mpaka.

Kesi yenyewe inafaa kusomwa na kila mwanafunzi wa sheria. Jaji Earl Carroll aliamua mapema ni mambo gani juri haitayasikia. Juri haitasikia hali ya El Salvador, wala sheria ya kimataifa ya wakimbizi, wala imani iliyowasukuma washtakiwa. Kilichobaki ni swali kavu: je, walijua kwamba hawa hawana ruhusa, na je, waliwasafirisha au kuwapa maficho? Mawakili wa utetezi walipoona kwamba kila shahidi wao atakatizwa, walifunga utetezi bila kumwita hata mmoja. Mei 1, 1986, juri iliwatia hatiani washtakiwa 8 kati ya 11 waliofika mwisho. Corbett, ambaye pengine alivusha watu wengi kuliko wote, aliachiwa. Julai Jaji Carroll, baada ya ukali wote ule, hakumpeleka mtu gerezani. Aliwapa vifungo vya nje. Mahakama ya Rufaa ilithibitisha hukumu mwaka 1989, na mwaka 1992 Wapresbiteri walimchagua Fife, mtu mwenye rekodi ya jinai, kuongoza baraza kuu la kanisa lao.

Ushindi wa kweli ulipatikana katika shauri jingine, la madai. Makanisa yaliishtaki serikali mwaka 1985, na katika suluhu ya mwisho wa 1990 serikali ilikubali kuyasikiliza upya maombi ya wakimbizi wa El Salvador na Guatemala waliokuwa wamekataliwa. Serikali ikawa kwa vitendo imekiri kuwa maombi yale hayakuwa yamesikilizwa ipasavyo, ila hukumu za wale 8 hazikufutwa kwa ajili hiyo.

Turudi mwaka 1986. Miezi sita baada ya hukumu ya Tucson, lango la shamba lilifungwa. Sheria ya Novemba 1986 ilitoa msamaha ambao hatimaye uliwapatia ukaazi watu wapatao milioni 2.7, ikaifuta sentensi ya Texas, na kwa mara ya kwanza ikafanya kumwajiri mtu asiye na kibali kuwa kosa. Douglas angefurahi, kidogo. Mwajiri alitakiwa kuadhibiwa ikiwa tu alijua, na alihesabiwa kuwa hakujua maadamu ameangalia karatasi zinazoonekana za kweli. Biashara ya karatasi zinazoonekana za kweli ilistawi mara moja.

Kisha meli zikarudi kwenye hadithi, na hapa bandari yetu inaingia. Oktoba 1992 meli iitwayo Najd II ilikwama Mombasa ikiwa na Wachina wapatao 300, wengi wao kutoka mkoa wa Fujian, waliokuwa wameahidiwa New York. Chombo kilikuwa kibovu na hakikuweza kuendelea. Abiria walisubiri miezi. Mji uliozoea mabaharia wa kila taifa ulikuwa na wageni waliouziwa safari ya nusu dunia kwa deni la maelfu ya dola, wakakwama Kenya. Wenye mpango huko New York, ambao Wachina huwaita vichwa vya nyoka, walinunua chombo kingine, wakakiita Golden Venture, kikatokea Thailand na abiria wake na kufika Mombasa majira ya machipuko ya 1993 kuchukua wapatao 200 kati ya waliokwama. Wakazunguka Rasi ya Tumaini Jema, wakakata Atlantiki.

Hawakuwa na wa kuwapokea. Wahuni waliopangwa kuwashusha baharini kwa mashua walikuwa wameuana wenyewe kwa wenyewe huko Teaneck, New Jersey, mwezi Mei. Usiku wa kuamkia Juni 6, 1993, ilitolewa amri ya kuipandisha meli mchangani, mbele ya ufuko wa Rockaway, Queens. Watu 286 walikuwa ndani. Waliruka kwenye maji ya baridi, na 10 walikufa. Walionusurika wengi waliwekwa mahabusu. Wa mwisho, 52, waliachiwa kutoka gereza la York, Pennsylvania, mwaka 1997. Mmoja wa waliowekeza fedha katika safari hiyo, Cheng Chui Ping, mama mwenye duka Chinatown aliyefahamika kama Dada Ping, alikamatwa Hong Kong mwaka 2000, akahukumiwa miaka 35 mwaka 2006, akafia gerezani 2014. Mazishi yake New York yalijaza barabara. Kwa waliozika, alikuwa mtu aliyewaleta.

Picha za Rockaway ziliiamsha Kongresi. Mwaka 1994 kifungu kiliongezewa ngazi: anayemwingiza mtu nchini, hadi miaka 10, mtu akiumia vibaya, hadi 20, mtu akifa, kifungo cha maisha au kifo. Mwaka 1996 ukaongezwa kima cha chini cha miaka 3 kwa baadhi ya wanaoingiza watu kwa fedha, pamoja na ruhusa ya kunasa simu na kutaifisha mali. Silaha hizi zililengwa kwa vichwa vya nyoka, na siwezi kuzilaumu kwa hilo. Lakini kifungu kilibaki kimoja, na ngazi yake ya chini ilikuwa bado inamsubiri mtu yeyote mwenye gari au chumba.

Mei 2003 dereva wa lori aliacha tela lake karibu na Victoria, Texas, baada ya kusafirisha ndani yake watu zaidi ya 70. Walikufa 19, mmoja wao mtoto wa miaka 5. Waendesha mashtaka waliomba kifo chini ya nyongeza ya 1994. Juri ilikataa ikampa maisha, rufaa ikaitengua, na mwishowe akapata karibu miaka 34. Juni 2022 tela jingine lilifunguliwa barabara ya Quintana, San Antonio: watu 53 walikufa. Juni 27, 2025, miaka mitatu kamili baadaye, viongozi wawili wa mtandao huo walihukumiwa, mmoja wao kifungo cha maisha.

Katikati ya maafa hayo mawili, siasa ilijaribu kulipanua neno la kupa maficho zaidi ya hapo. Desemba 2005 Baraza la Wawakilishi lilipitisha muswada ambao, kwa usomaji wa mawakili wengi, ungeifanya jinai huduma ya jiko la parokia. Kardinali Roger Mahony wa Los Angeles alisema atawaagiza mapadre wake wasiutii. Mamilioni waliandamana mwaka 2006 na muswada ukafia Seneti.

Jangwani, kazi ya Tucson ilikuwa imeendelea kwa jina jipya. Mwaka 2004 Fife na wenzake walianzisha No More Deaths, kikundi cha kuacha maji na kutoa huduma ya kwanza. Januari 17, 2018, saa chache baada ya kikundi hicho kutoa ripoti yenye video za askari wa doria wakimwaga maji yaliyoachwa kwa wasafiri, askari wa kikosi hichohicho walimkamata Scott Warren, mwalimu wa jiografia, huko Ajo, jirani na Organ Pipe ile ya 1980. Kosa lake: kuwapa vijana wawili kutoka Amerika ya Kati chakula, vitanda na nguo safi kwa siku tatu. Alikabiliwa na hadi miaka 20. Juri ya kwanza haikuafikiana. Ya pili, Novemba 20, 2019, ilimwachia. Siku hiyohiyo Jaji Raner Collins alimfutia pia kosa dogo la kuacha vitu katika hifadhi ya wanyama, kwa kuwa kuacha maji lilikuwa tendo la imani yake, ingawa alimtia hatiani kwa kuingiza gari mahali pasiporuhusiwa. Hoja ya imani, iliyonyimwa mlango mwaka 1985, ilikuwa imesikilizwa katika mahakama ya mji uleule.

Sehemu ya kifungu inayotatiza zaidi kwa sasa ni ile ya kushawishi. Mwaka 2010 juri ya Boston ilimtia hatiani mkuu wa forodha na ulinzi wa mipaka bandarini hapo. Alikuwa na Mbrazili asiye na kibali aliyemsafishia nyumba, na alimshauri asitoke nchini, kwa sababu akitoka hatarudi. Jaji aliona jambo limevuka kiasi akaamuru kesi isikilizwe upya. Kama tukio hilo lingekuwa la mwaka 1960, nadhani hakuna mwendesha mashtaka ambaye angelifungulia faili. Kazi ya ndani ilikuwa ajira, na ajira ilisamehewa.

Swali likafika Mahakama ya Juu kupitia mtu asiyestahili huruma, Helaman Hansen wa California, aliyewalaghai wahamiaji zaidi ya 400 kwamba wakiasiliwa na Wamarekani ukubwani watapata uraia, akakusanya zaidi ya dola milioni 1.8. Katika kusikilizwa kwa shauri, Jaji Sonia Sotomayor aliuliza juu ya mwana anayemwambia bibi wa familia yao, asiye na kibali, kwamba yeye si mzigo na abaki. Juni 23, 2023, majaji saba waliamua kifungu ni halali: Amy Coney Barrett aliandika kwamba kushawishi maana yake ni kuchochea au kusaidia kosa kwa makusudi, si mazungumzo ya kifamilia. Ketanji Brown Jackson alipinga, Sotomayor akiungana naye. Alikumbusha kwamba maafisa wa mpakani karibu na San Diego walikwisha kutengeneza orodha ya waandishi wa habari, mawakili na watu wa dini waliofuatilia misafara ya wahamiaji, wakitaja kifungu hikihiki kama sababu. Orodha ile haikusubiri tafsiri ya majaji, na Kongresi haijayagusa maneno yenyewe.